Kumuuliza Mjamzito Akajibu Kweli



Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina rejista ya vizazi iliyojengwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway. Mama akishajifungua, kwa kawaida ndani ya saa 24, muuguzi mkunga aliyefundishwa kazi hiyo huketi naye na kumuuliza maswali yaleyale wanayoulizwa wenzake wote: umri, elimu, magonjwa, dawa, na kama alikunywa pombe akiwa na mimba. Mwaka 2015 watafiti walichapisha walichokikuta humo kwa kipindi cha mwaka 2000 hadi 2010, vizazi zaidi ya 34,000. Kwa ujumla asilimia 34.1 ya akina mama walisema walikunywa. Mwaka 2000 waliosema hivyo walikuwa asilimia 49.5. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 21.5.

Mteremko huo unaweza kusomwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kwamba elimu imefika: wanawake wa Kilimanjaro, ambako mbege ni kinywaji cha arusi, cha msiba na hata cha mzazi aliyetoka kujifungua, wamesikia kuwa pombe hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, wakaacha. Ya pili ni kwamba elimu imefika, na mama ameshajua muuguzi anataka kusikia nini. Kama usomaji wa kwanza ndio wa kweli, serikali iendelee na kazi yake na itoe pongezi. Kama ni wa pili, tuna watoto walewale walio hatarini kama zamani, ila sasa hatuwaoni. Mimi naamini yote mawili yamo ndani ya tarakimu hizo. Ni kiasi gani cha hili na kiasi gani cha lile, rejista peke yake haiwezi kutujibu, kwa kuwa chanzo chake ni mdomo wa mama, na mdomo wa mama una sababu zake.

Nimekuja kuzungumza juu ya sababu hizo, na juu ya ufundi ambao wataalamu wa takwimu, wakunga na watafiti wa jamii wameubuni kwa zaidi ya nusu karne ili mjamzito aweze kusema kweli kuhusu mambo ambayo kuyasema kuna gharama: pombe, sigara, udongo anaokula, mitishamba anayokunywa kuongeza uchungu, dawa alizoacha kumeza, kipigo anachopata nyumbani, mimba aliyowahi kuitoa.

Kwanza, tunajuaje kwamba watu wanaficha? Kwa sigara jibu liko kwenye mwili. Nikotini ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa kotinini, nayo hupimika kwenye damu, mate na mkojo. Magharibi mwa Scotland, watafiti walipima damu ya wajawazito 3,475 ambao walishaulizwa kliniki kama wanavuta. Kwa maneno yao, wavutaji walikuwa asilimia 24. Kwa damu yao, asilimia 30. Nchini Marekani, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa miaka 1999 hadi 2006 ulionyesha kuwa kati ya wajawazito ambao damu yao ilithibitisha wanavuta, karibu asilimia 23 walikuwa wamesema hawavuti. Kwa wanawake wa rika lao wasio na mimba, waliokana walikuwa kama asilimia 9. Tarakimu hizo mbili za mwisho ndizo zinazonishika zaidi. Sigara ni ileile, serikali ni ileile, dodoso ni lilelile. Mimba peke yake ndiyo iliyoongeza ukimya zaidi ya mara mbili.

Hata kipimo chenyewe kinahitaji akili. Mwili wa mjamzito husafisha kotinini haraka. Kwa kawaida huchukua karibu saa 17 kupungua kwa nusu, lakini katika ujauzito ni kama saa 9. Anayetumia kiwango kilichowekwa kwa watu wasio na mimba atawapitisha wavutaji wengi kama wasiovuta, kisha atashangaa kuona maneno na damu vinakubaliana vizuri.

Karibu zaidi na kwetu kuna jaribio lililoitwa VOICE, lililofanyika Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe kati ya 2009 na 2012. Lilihusisha wanawake 5,029, na lilitaka kujua kama vidonge au jeli ya dawa vitawakinga wasipate virusi vya UKIMWI. Hawakuwa wajawazito, lakini walikuwa wanawake wa rika la kuzaa, mbele ya wahudumu wa afya, wakiulizwa kama wanatumia walichopewa. Kwa maelezo yao, utumiaji ulikuwa kama asilimia 90. Damu ilipopimwa, dawa ilikutwa katika asilimia 30 au pungufu ya sampuli. Fedha nyingi na miaka ya kazi vilikwenda, na swali la kama dawa inakinga likabaki bila jibu safi.

Baadaye watafiti wakafanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa mapema. Waliwarudia baadhi ya wanawake wale, wakawaonyesha matokeo ya damu zao wenyewe, bila kuwafokea, wakawaomba waeleze. Hapo maneno yakatoka. Wengine waliogopa madhara. Wengine walihofia kuonekana na vidonge vinavyofanana na vya mgonjwa. Wengine walikuwa na mume au mchumba asiyejua, au aliyejua na hakutaka. Ukisoma maelezo hayo huoni wanawake waongo. Unaona watu waliokuwa na sababu nzito, na ambao kwa muda wote wa jaribio hawakuona dalili kwamba kuzitaja kungepokewa vizuri.

Ndugu zangu, hapa ndipo nataka tukae kwa muda.

Mwaka 1989, katika jiji la Charleston, jimbo la South Carolina nchini Marekani, hospitali moja ya umma ilianza kupima mkojo wa baadhi ya wajawazito kutafuta kokeini, na matokeo yakawafikia polisi. Wanawake 30 walikamatwa, karibu wote weusi. Kesi yao, Ferguson dhidi ya Jiji la Charleston, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwaka 2001 ikaamua kwa majaji sita dhidi ya watatu kwamba kumpima mgonjwa bila ridhaa yake kwa ajili ya kutafuta ushahidi wa polisi ni kuvunja katiba. Mashirika ya madaktari yalikuwa yameonya tangu mapema kwamba mwanamke anayeona kliniki ni mlango wa kituo cha polisi hatakwenda kliniki. Jiulizeni, katika mji huo, muuguzi mwenye kalamu angeuliza swali gani, na kwa ustadi gani, hata aambiwe kweli?

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 151, inampa mwanamke anayejaribu kuitoa mimba yake kifungo cha hadi miaka saba. Kwa hiyo mdadisi anayebisha hodi na kuuliza, "Umewahi kutoa mimba?" anamwomba mtu asiyemfahamu akiri kosa la jinai mlangoni pake, kisha aweke dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Na si sheria pekee. Kliniki zetu nyingi zina benchi moja refu na meza moja. Swali likiulizwa kwa sauti, husikiwa na mwenye zamu inayofuata. Ziara ya kwanza mama huhimizwa aje na mwenzi wake ili wapime pamoja. Jambo jema sana, lakini maana yake ni kwamba maswali ya siku hiyo huulizwa mume akiwa ameketi pembeni. Mkwe akimsindikiza, mkwe anasikia. Na jibu huandikwa kwenye kadi ya kliniki, ambayo nyumbani huwekwa kabatini pamoja na vyeti vya familia.

Halafu kuna kufokewa. Mama aliyesema ametumia dawa ya mitishamba ili uchungu uje haraka, akafokewa mbele ya wenzake, hatasema tena, na wenzake waliosikia hawatasema hata mara moja. Huo ukimya ni hatari ya maisha. Baadhi ya mitishamba inayotumika inasukuma mji wa mimba kwa nguvu. Mkunga asiyejua akimwekea mama huyo dripu ya kuongeza uchungu, nguvu mbili zinakutana juu ya mji mmoja wa mimba, na mji huo unaweza kupasuka. Nasema haya ili ionekane kwamba uaminifu wa majibu tunaouzungumzia hauishii kwenye majarida ya kitaalamu. Unaingia chumba cha kujifungulia.

Basi, tukishakubali kwamba mama anapima gharama ya jibu lake kabla ya kulitoa, ufundi wote ninaoueleza unakuwa rahisi kuelewa: kila mbinu ni njia ya kupunguza gharama hiyo. Baadhi hupunguza kwa maneno, baadhi kwa hesabu, baadhi kwa mashine, baadhi kwa utu.

Nianze na maneno, kwa sababu hayahitaji fedha. Mwaka 1991 Patricia Mullen na wenzake huko Houston, Texas, walichapisha jaribio dogo ambalo kila mtunga dodoso angepaswa kulijua. Kundi moja la wajawazito liliulizwa swali la kawaida: unavuta sigara, ndiyo au hapana? Kundi lingine lilipewa majibu kadhaa ya kuchagua: navuta kama nilivyokuwa navuta, navuta lakini nimepunguza tangu nijue nina mimba, navuta mara mojamoja, niliacha nilipojua nina mimba, sikuwa navuta kabla ya mimba. Kwa swali la pili, waliokiri kuvuta waliongezeka kwa asilimia 40. Hakuna mashine, hakuna maabara. Swali la ndiyo au hapana linamlazimisha mama achague kati ya mzazi mwema na mzazi mbaya. Swali la pili linampa nafasi ya kusema navuta, na papo hapo kusema nimejitahidi. Na wengi kweli wamejitahidi.

Kwa Kiswahili, badala ya kuuliza "Je, unakunywa pombe?" mdadisi anaweza kuanza mbali: "Kabla hujajua una mimba, ulikuwa unapenda kinywaji gani kwenye sherehe au nyumbani?" Kisha: "Na tangu ujue, imekuwaje? Unaendelea kama zamani, umepunguza, unaonja mara mojamoja, au umeacha?" Ya zamani hayana aibu kubwa, na yakishasemwa yanafungua ya sasa.

Mwaka 1989 Robert Sokol na wenzake wa Detroit walitunga maswali manne mafupi ya kutambua mjamzito anayekunywa sana, yanayoitwa T-ACE. Uzuri wake uko kwenye swali la kwanza. Halimuulizi mama anakunywa kiasi gani. Linamuuliza ni vinywaji vingapi vinahitajika hadi aanze kuchangamka. Mtu aliyezoea pombe anahitaji zaidi ya viwili, na hilo hulitaja bila kusita, kwa kuwa linasikika kama habari ya mwili wake tu. Nakiri kwamba nina wasiwasi kidogo na swali la namna hiyo. Mama anajibu asichokijua. Kama muuguzi anaitumia habari hiyo kumsaidia yeye mwenyewe, nakubali. Kama inakwenda popote pengine, nakataa.

Jingine la maneno ni vipimo. Madodoso mengi yaliyotafsiriwa huuliza chupa na glasi. Mbege hunywewa kwa kata, na kata huzunguka. Ulanzi una chombo chake, gongo ina chake. Ukimwuliza mama wa Rombo amekunywa chupa ngapi za bia, atakujibu hakuna, na atakuwa amesema kweli tupu. Sehemu ya tunachokiita uongo wa wahojiwa ni uvivu wa waulizaji.

Udongo unatufundisha hilohilo vizuri zaidi. Kilifi, pwani ya Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwahoji wajawazito 275, na asilimia 56 walisema wanakula udongo mara kwa mara. Mkoani Geita, kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwahoji wajawazito 340, na asilimia 45.6 walisema wanakula, wengi wao udongo wa vijiti unaouzwa sokoni. Ulipopimwa maabara ulikutwa na madini hatari kama aseniki. Viwango vikubwa hivyo vinaonyesha kwamba huko udongo haukuwa siri kubwa. Unauzwa mezani, unanunuliwa mchana. Sasa nenda kisiwani Pemba. Sera Young na wenzake waliwauliza wajawazito zaidi ya 2,300, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010 waliosema wanakula udongo walikuwa asilimia 5.6 tu. Mtafiti mwenye dodoso la Kilifi angeondoka Pemba akiandika kwamba jambo hilo ni dogo. Lakini hawa waliuliza pia kuhusu mchele mbichi, na asilimia 36.3 walisema wanautafuna. Kilichofungua mlango Pemba kilikuwa kukaa na watu, kujua wanatafuna nini na wanakiitaje, kabla ya kuandika swali hata moja. Na aibu yenyewe haiko sawa kila mahali: jambo linalosemwa kwa kicheko Kilifi laweza kufichwa kwingine, na kinyume chake. Hakuna orodha ya mambo nyeti inayoweza kuletwa kutoka nje ikiwa tayari.

Sasa hesabu. Mwaka 1965 mtaalamu wa takwimu Stanley Warner alitoa wazo ambalo hadi leo naliona zuri ajabu: mwache mhojiwa ajifiche nyuma ya bahati nasibu, kisha uiondoe bahati nasibu hiyo kwa hesabu. Wengine waliliboresha baadaye, na namna mojawapo iliyo rahisi ni hii. Mpe mama mfuko wenye shanga kumi: sita nyeupe, mbili nyekundu, mbili nyeusi. Atoe moja, aitazame peke yake, airudishe. Nyeupe, ajibu swali kwa ukweli. Nyekundu, aseme "ndiyo" vyovyote iwavyo. Nyeusi, aseme "hapana" vyovyote iwavyo. Mdadisi akisikia "ndiyo" hajui kama ni ya mama au ya shanga, na hata polisi hawezi kujua. Lakini ukiwa na wanawake 1,000, wewe unajua. Shanga nyekundu zitatoa "ndiyo" kama 200. Ukipata "ndiyo" 320 kwa jumla, basi 120 zimetoka kwa wanawake kama 600 waliopata nyeupe, yaani mmoja kati ya watano. Hujamjua yeyote, na umelijua kundi zima.

Njia hii ilitumiwa mapema kabisa kwa utoaji mimba, katika jimbo la North Carolina, na matokeo yakachapishwa mwaka 1970. Mexico, miaka thelathini baadaye, watafiti waliilinganisha na mahojiano ya ana kwa ana, fomu ya kujaza mwenyewe na kompyuta yenye sauti. Bahati nasibu ndiyo iliyotoa viwango vya juu zaidi.

Hata hivyo, kinga hii hufanya kazi ikiwa mama anaiamini, na hesabu haimwaminishi mtu asiyemwamini aliyeishika. Kuna wahojiwa wanaopata shanga nyekundu na bado wanasema "hapana", kwa kuwa kulitamka tu lile neno mbele ya mgeni kunawatisha. Kila anayefanya hivyo anaishusha hesabu. Sampuli nayo lazima iwe kubwa zaidi, kwa sababu sehemu ya majibu imetupwa makusudi. Kisha kuna jambo ambalo vitabu vya Marekani havilitaji. Kuingiza mkono kwenye mfuko, kutoa kitu, kukitazama na kutamka neno, katika vijiji vyetu vingi ni kazi ya mpiga ramli. Mjamzito, aliyelelewa kulinda mimba yake dhidi ya macho na maneno ya watu, huenda asiuguse mfuko huo. Kabla ya kupeleka shanga Kigoma au Kwale, waulizeni kwanza wakunga wa jadi wa huko wanaionaje.

Ndugu yake mfuko huu ni njia ya orodha. Nusu ya wanawake husomewa mambo matatu ya kawaida, kwa mfano kufuga kuku, kusafiri kwenda mkoa mwingine, kushona nguo mwaka huu, nao hutaja idadi tu ya yaliyowahusu. Nusu nyingine husomewa hayohayo pamoja na la nne lililo nyeti. Wastani wa kundi la kwanza ukiwa 1.8 na wa la pili 2.1, tofauti ya 0.3 inaonyesha kuwa jambo la nne limewahusu asilimia 30. Nchini Liberia njia hii ilikadiria kwamba karibu theluthi moja ya wanawake waliwahi kutoa mimba, mara tano ya kilichopatikana zamani kwa kuuliza waziwazi. Lakini Rajasthan, India, njia hiyohiyo ilitoa kiwango cha chini kuliko swali la moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akija na njia hii akikuahidi ukweli, mwambie akuonyeshe kwanza kama wanawake wameielewa.

Mashine nitazipita haraka. Kompyuta yenye vipokea sauti, inayomsomea mhojiwa maswali masikioni naye akabonyeza jibu, ilisifiwa sana Marekani miaka ya 1990. Ilipojaribiwa Kenya, kwa vijana wa Nyeri na Kisumu, matokeo hayakwenda upande mmoja: kwa baadhi ya maswali iliongeza majibu ya kweli, kwa mengine haikuongeza kitu. Nikilinganisha, navutiwa zaidi na karatasi moja. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, ambao kwetu ulifanyika Dar es Salaam na Mbeya, mwisho wa mahojiano kila mwanamke, hata aliyeshajibu "hapana", alipewa kadi yenye picha mbili, uso wenye furaha na uso wenye huzuni, aweke alama kwa siri kama aliwahi kudhalilishwa kingono utotoni. Hakuhitaji kusoma, hakuhitaji kutamka. Kwa karatasi hiyo, waliosema ndiyo waliongezeka. Utafiti huohuo ulikuwa na kanuni ninazotamani ziwe za kila mtu: katika nyumba moja ahojiwe mwanamke mmoja tu, mahojiano yawe faraghani, na mtu akiingia ghafla mdadisi ahamie maswali mengine ya kawaida kana kwamba ndiyo aliyokuwa akiuliza.

Na hatimaye utu. Mwanza, katika utafiti wa vijana wa vijijini uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walilinganisha njia tano za kujua kama vijana wameshaanza ngono. Kati ya wale ambao mwili ulishathibitisha, kwa mimba au kwa ugonjwa wa zinaa, waliokiri bila kujipinga kwenye madodoso yote mawili walikuwa asilimia 58 ya wavulana na 29 tu ya wasichana. Mazungumzo marefu ya kina yaliwatoa wasichana maneno ambayo madodoso hayakuyapata. Dar es Salaam, katika hospitali ya wilaya, wanawake waliolazwa kwa mimba iliyoharibika walizungumza na watu waliofundishwa kusikiliza kwa huruma na kutunza siri, na zaidi ya nusu walieleza kwamba mimba ilitolewa. Sheria ilikuwa ileile, hospitali ileile. Kilichobadilika ni aliyeketi mbele yao.

Kuna watakaoniambia: kwa nini tuhangaike, tupime tu. Sasa kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kilevi cha wiki kadhaa zilizopita, kwa kutafuta kitu ambacho mwili hauwezi kukitengeneza bila pombe. Nakubali kipimo hicho kitusaidie kurekebisha makadirio, kwa wanawake waliokubali, kwa sampuli zisizo na majina. Siku tutakapokifanya kuwa kawaida ya kliniki, bila ridhaa ya kweli, tutakuwa tumejenga Charleston yetu wenyewe, na wa kwanza kukimbia watakuwa wale tunaowatafuta. Tena damu haijui sababu. Haitakuambia kuhusu mume anayepiga, wala njaa inayotulizwa kwa ulanzi.

Kwa hiyo nina maombi, na ninayasema kwa kila aliyemo humu.

Wizara na taasisi zinazotoa vibali vya utafiti: msikubali majibu ya utafiti yaandikwe kwenye kadi ya kliniki, wala dodoso la mambo haya liulizwe kwenye benchi la kusubiria. Watafiti: kila mnapochapisha asilimia ya wajawazito wanaokunywa, wanaovuta au wanaopigwa, andikeni kando yake nani aliuliza, kwa lugha gani, mahali gani, na nani alikuwa akisikia. Bila hayo, msilinganishe mwaka na mwaka wala mkoa na mkoa. Wauguzi na wakunga, ninyi ndio wenye kazi kubwa kuliko sisi sote: mama akikuambia amekunywa, ametafuna udongo, ametumia mitishamba, mjibu kwanza "Asante kwa kuniambia," kisha umshauri, kwa sauti ambayo aliye nyuma yake haisikii. Na kina baba mliopo, mkeo akiitwa peke yake chumbani kwa mkunga, kaa nje, na akitoka usimwulize aliulizwa nini.